Chokaa au Rangi kwenye Chimni ya Kukhu

Nyumba ya mama mkwe wangu ilijengwa na mzungu aliyekuwa akilima mahindi huku upande wa Mautuma kabla sisi hatujafika. Baba mkwe alipogawiwa shamba, nyumba ilikuwa imesimama ndani ya kipande chake, akaichukua jinsi ilivyokuwa, madirisha mengine yakiwa yameshang'olewa. Katika sebule kuna mahali pa kuwashia moto pa matofali mekundu, kuanzia sakafuni mpaka darini, na bomba lake linatokeza juu ya paa. Najua pana jina la kizungu. Sisi tunaita yote chimni, meko na bomba pamoja.

Mzungu, nadhani, alikuwa anaota moto hapo jioni na kusoma gazeti. Mama mkwe alipopaona aliona jiko. Akaweka mafiga matatu, akabandika sufuria, na tangu hapo moto wa nyumba hiyo haujahama. Kwenye koo la chimni kuna chuma kimelazwa kutoka upande huu hadi ule. Hapo ndipo hutundika mbegu. Shamba kubwa tunapanda mbegu ya dukani kama kila mtu wa Lugari, lakini kuna kipande karibu na nyumba ambacho ni cha mahindi ya zamani, yale ya kuchoma na kuchemsha. Mbegu yake ni Mama anayechagua wakati wa kuvuna. Anayafunga mahindi mawili mawili kwa maganda yake, anayaning'iniza juu ya moshi, na dumuzi hawayagusi mpaka mvua inyeshe. Hata baada ya kupanda hubakiza jozi kadhaa palepale kama akiba.

Watoto wangu wanamwita Kukhu, yaani nyanya, na hata sisi wakubwa tumezoea hivyo. Mimi na mume wangu tuna nyumba yetu upande wa pili wa boma, kwa sababu mwana aliyeoa halali kwa mama yake. Msichana wangu wa pili ndiye hulala na Kukhu ili asiwe peke yake. Nasema haya ili ieleweke kwamba chimni haikuwa yangu. Mimi nilizaliwa Matungu, kwenye miwa, na huko kwetu moto ulikuwa jikoni nje. Mambo ya matofali ndani ya sebule niliyakuta nikiwa nimeolewa, na sikuwahi kujiona mtu wa kuyatolea shauri.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anafanya kazi Nairobi. Alikuja mwezi wa nne akamkuta mama yake anakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kumkatiza katikati ya maneno. Wifi alikaa, akamsikiliza, kisha akainuka akaenda kwenye chimni. Alipitisha kidole juu ya matofali, pale mdomoni ambapo moshi umepita miaka yote, na kidole kikatoka cheusi kama kimechovywa.

"Mama, hii ni nyumba ama ni tanuru?"

"Ni nyumba uliyozaliwa ndani," Kukhu akamjibu. "Ulitoka hapa ukiwa mweusi kwa masizi ama ulitoka ukiwa umesoma?"

Tulicheka. Wifi naye alicheka, lakini alijifuta kidole kwa karatasi polepole sana, na akasema yale aliyokuja kusema. Kwamba atarudi shule zikifungwa mwezi wa nane. Akikuta chimni bado ni nyeusi na Mama bado anakohoa, ataondoka naye kwenda kuishi Nairobi.

Hapa nataka nimtendee wifi haki, maana kuna watu wa boma letu wanaomsema kwamba anajivuna. Baba yao alikufa na kifua. Wifi alipigiwa simu akiwa kazini, na alipofika wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba. Hakuwahi kuongea naye. Tangu hapo nikimpigia simu, hata kama ni ya kumwambia ng'ombe amezaa, hupokea akisema, "Ni Mama?" kabla hajanisalimia. Mtu wa namna hiyo simwiti mwenye maringo.

Baada ya wiki chache akatuma mkebe wa rangi kwa basi. Ilikuwa rangi nyeupe ya maji, ile ya kung'aa inayopanguswa kwa kitambaa. Akanitumia na picha kwenye simu. Ilikuwa sebule ya watu fulani, na chimni kama yetu imepakwa rangi hiyo, nyeupe pepepe, na pale penye moto wameweka chungu cha maua.

Nilimpelekea Kukhu picha. Aliishika mbali na macho yake, kisha karibu, kisha mbali.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, Kukhu. Ni maua."

"Maua inapika nini?"

Nilienda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, nikamuuliza kama rangi hiyo inaweza kukaa mahali pa moto. Alisema inaweza kama moto hauwashwi. Ukiwashwa itabadilika iwe manjano, ifure, ibanduke, na itatoa harufu mbaya ndani ya nyumba. Nikauliza juu ya chokaa. Alisema chokaa haijali moto, itaingia masizi tu na utaipaka tena mwaka ujao, na tena mwaka unaofuata, lakini usitegemee ing'ae kama sahani. Sikuona kama alikuwa anataka kuniuzia hiki kuliko kile, maana alivyo navyo vyote ni vyake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na habari hizo na nikatamani nisingeuliza. Kabla ya hapo ilikuwa swali la rangi tu. Sasa kila mtu alijua kwamba ukichagua rangi umezima moto, na ukichagua chokaa umeuacha uwake. Wifi alipopigiwa akasema hivyo ndivyo anavyotaka, uzimwe. Kukhu akasema chokaa.

Mume wangu akaniuliza, "Na wewe unaonaje?"

Nilisema sijui. Yeye anadhani nilikuwa naogopa dada yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia pande zote mbili. Moshi si dawa. Nimewasikia wahudumu wa afya wakitufundisha, na kikohozi cha Kukhu nilikisikia kila asubuhi nikipeleka maziwa. Lakini pia niliona mtu ambaye amekaa mbele ya moto ule tangu akiwa mke mdogo, na nikajiuliza atakaa mbele ya nini.

Tena kulikuwa na jambo la mkwe. Kwetu huku, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Mwanamume akija kutembea, mama anakaa chumba kingine, wanasalimiana kwa mbali, hawapeani mkono, na mama hali chakula mbele yake. Kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo wazee hawataki hata kulisikia. Vijana wanacheka. Pasta wetu mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mambo hayo yalipita. Lakini Kukhu, ambaye hakosi kanisa, hili hajaliachilia, na nyumba ya wifi Nairobi ni ya vyumba viwili na bafu moja.

"Sasa nikitoka kuoga na leso yangu nikutane na mkwe hapo mlangoni," alituambia jioni moja, "ni nani atarudi nyuma?"

"Utarudi wewe, Mama," mume wangu akasema. "Mwenye kulipa kodi ya nyumba ni yeye."

Kukhu alimtupia gunzi. Alicheka, lakini baadaye alipokuwa anaosha kikombe nilimsikia akijisemea, "Kwa mkwe. Mimi, kwa mkwe." Na lazima niseme pia kwamba huyo mume wa wifi ni mtu mwema. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu akisema Mama aje, yeye atakuwa anatoka mapema na kurudi kila mtu akiwa ameshakula, na atalala sebuleni akitakiwa. Kila mtu katika jambo hili alikuwa anataka mema. Ndiyo sababu lilikuwa gumu.

Tuliamua chokaa. Yaani Kukhu aliamua, na mume wangu akakubali, akisema dada yake akikuta weupe atatulia, ataona mambo ya moto baadaye. Sasa, ardhi ya huku inachacha, na watu hunyunyiza chokaa shambani kabla ya kupanda ili mahindi yapate nguvu. Sisi tulikuwa tumenunua, mvua ikatuwahi, magunia mengine yakabaki stoo. Mume wangu akayavuta nje.

"Tunaenda dukani kufanya nini na hii imelala hapa?"

"Hiyo si ya mahindi?" nikauliza.

"Mahindi haijui. Nyeupe ni nyeupe."

Kukhu alitia mkono ndani ya gunia, akaisugua kati ya vidole, akasema ni nzuri. Mimi nilikuwa na wasiwasi lakini sikuwa na sababu ya wasiwasi wangu, na mtu asiye na sababu hunyamaza. Tulichanganya na maji na chumvi kwenye karai, tukapaka wote watatu, watoto wakitia mikono. Ilipokauka ilipendeza. Haikuwa nyeupe kabisa, ilikuwa kama unga wa mtama uliochekechwa, lakini weusi ulikuwa umefunikwa. Kukhu aliwasha moto, akabandika chai, na mume wangu akapiga picha akamtumia dada yake. Dada akajibu kwa kidole gumba kilichosimama. Tuliona tumeshinda.

Jumamosi hiyo wamama wa kanisa walikuwa na maombi kwa Kukhu. Viti havikuwatosha, wengine wakakaa kwenye ukingo wa matofali kando ya meko, wakaegemea chimni. Waliimba, waliomba, walikula obusuma, yaani ugali, na kuku, wakainuka kwenda. Walipogeuka kutoka mlangoni tukaona migongo yao. Kila aliyeegemea alikuwa mweupe kutoka mabegani mpaka kiunoni, na sare ya kanisa lao ni ya buluu iliyokolea.

Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye mdomo, alijipapasa nyuma akaangalia kiganja chake. "Mama, leo mlituita kuomba ama mlituita kusaga?"

Kukhu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na hapo kicheko kikakatika kwa sisi wote, kwa sababu kikohozi hakikumwachilia. Nilimshika mgongo. Ile chokaa ya shamba, ambayo ni jiwe lililosagwa tu na haishiki kitu chochote, ilikuwa imepukutika siku zote hizo kwa joto la moto. Ilikuwa kwenye kiti chake, kwenye blanketi lake, kwenye kikombe. Alikuwa anaivuta kila akipumua. Tulipangusa tukafagia, lakini wiki iliyofuata kifua chake kilikuwa kibaya kuliko mwezi wa nne, na ilibidi mume wangu ampeleke zahanati akapewe dawa.

Wifi alipiga simu akaniuliza Mama anaendeleaje. Nilimwambia. Mume wangu alinuna, akasema ningengoja kwanza apone. Labda. Lakini mtu akikuuliza habari ya mama yake, mimi sijui namna ya kumpa nusu.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi," akasema. "Sitangoja mwezi wa nane. Nakuja kumchukua."

Niliwapa ujumbe huo wote wawili pamoja, mama na mwana, ili pasiwe na mmoja wa kusema alifichwa. Kukhu hakubisha. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliuliza tu ni siku gani.

Asubuhi iliyofuata alimtuma mtoto aniite. Nilikuta moto umezimwa, majivu yamezolewa, na yeye amekaa kwenye kigoda na kikapu miguuni. Ndani ya kikapu kulikuwa na mbegu yote. Alikuwa ameishusha kutoka kwenye chuma, amefuta lile vumbi kwenye kila hindi, maganda yakabaki safi, ya rangi ya moshi.

"Chukua," akasema.

"Nipeleke wapi, Kukhu?"

"Kwako. Ni yako."

Mtu wa mbali anaweza kuona ni mahindi tu. Katika boma, mbegu ya mama inakaa na mama mpaka siku atakayoacha kupanda. Unaweza kumlimia, kumpalilia, kumvunia na kumpikia, na bado shamba ni lake kwa sababu mbegu iko juu ya moto wake. Akimkabidhi mke wa mwanawe, amesema kitu ambacho hasemi kwa mdomo. Yeye mwenyewe alipewa na mama mkwe wake mwaka ambao yule mama hakuinuka tena kitandani.

Nilisema, "Kukhu, mimi sijaomba."

"Najua hujaomba. Ungeomba nisingekupa."

Nilibeba kikapu nikavuka nacho uwanja. Jikoni kwangu kuna mahali pa kutundikia, hata msumari upo. Sikuweza. Niliweka kikapu juu ya kiti ndani ya nyumba, na kila aliyeingia siku hiyo aliambiwa asikae hapo.

Wifi alifika siku ya tatu, mchana. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akashika paji la uso, akaangalia dawa, akasoma maandishi yake yote. Kisha akageukia chimni. Ilikuwa aibu tupu. Chokaa ilikuwa imebanduka kwa mabaka, weusi ukichungulia, na mafiga yamekaa baridi. Nilingoja atuseme. Nadhani alikuwa ameyapanga maneno tangu Nairobi, na tulistahili mengine. Alifungua mdomo, akainama kidogo achungulie ndani, akaangalia juu.

Akabaki ameinama hivyo.

"Mbegu iko wapi?"

Mume wangu aliangalia dirishani.

"Mama, mbegu iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe," Kukhu akasema.

Wifi aliniangalia. Nilisema, "Iko kwangu, lakini sijaitundika. Iko kwenye kikapu, kama ilivyokuja."

Alitafuta kiti akakaa, na mkoba bado uko begani. Huyu ni mtu wa ofisi, watoto wake hawajui hata kupukuchua. Lakini alizaliwa katika boma hili, na hakuhitaji kuelezwa.

"Mimi sikusema upeane mbegu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulisema nihame."

"Nilisema uje upumzike. Kifua kipone."

"Na nikipumzika, nani anapanda?"

"Si utarudi?"

"Kwa mkwe huwa watu wanarudi?" Kukhu aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. "Baba yako alisema anaenda hospitali kidogo tu."

Wifi aliinuka akatoka nje. Mume wangu alitaka kumfuata, nikamwambia amwache. Tulimwona kupitia dirisha akienda mpaka kwenye kile kipande cha mahindi ya zamani, akasimama katikati ya mistari, viatu vyake vya mjini vikizama kwenye udongo. Kukhu hakuangalia nje. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso. Mimi nilichemsha chai kwangu nikaileta, ili kuwe na kitu cha kufanya.

Wifi aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alikuwa na swali ambalo sisi wote tuliokaa hapo miaka yote hatukuwa tumeliuliza.

"Huu moshi, kazi ya hiyo bomba si kuutoa nje? Mbona unakuja ndani?"

Aliokota kibiriti akampa mume wangu.

"Washeni nione," akasema.

Tuliwasha. Moshi ulipanda kidogo, ukafika kwenye mdomo wa chimni, ukageuka ukaja kwetu, kama unavyofanya siku zote. Wifi alikohoa, akapiga magoti kwenye sakafu na sketi yake nzuri.

"Mafiga yalikuwa hapa mbele tangu zamani? Mimi nikiwa mdogo yalikuwa kule ndani kabisa. Nakumbuka nikiogopa kuingiza mkono."

Ikawa ni kweli. Kukhu alikuwa ameyavuta mbele baada ya baba mkwe kufa, kidogo kidogo, kwanza kwa sababu ya magoti yake, halafu kwa sababu moto ukiwa ndani ya ukuta watu hawawezi kuuzunguka. Kwake yeye moto ni kitu cha kuzungukwa. Usipouzunguka ni kama mnafuatana kwenye foleni. Kwa hiyo ulikuwa umetoka nje ya chimni nusu nzima, na sisi tuliouzunguka kila jioni, tukasogeza viti na kushukuru, hatukuona kasoro.

Tuliusukuma nyuma. Moshi ukapungua lakini haukuisha. Mume wangu akaegemeza ngazi, akapanda akachungulia kwa juu, na tukasikia sauti yake ikishuka ndani ya bomba: "Hapa kuna kijiji cha ndege." Alitoa nyasi na vijiti vya kujaza karai, na mabaki ya viota vya miaka. Tulipowasha tena, moshi ulisita, ukajikunja, ukapanda wote. Tulisimama tukautazama kama watu waliokuja kuaga mgeni.

Sisemi kwamba hapo kila kitu kilikwisha. Ugomvi ulirudi jioni hiyohiyo na ulidumu. Wifi alisema hata hivyo kupika kuhamie jikoni kwangu, nje. Kukhu alisema kwa hiyo anyimwe sufuria yake. Walivutana mpaka wakafika hapa: obusuma na maharagwe vitatoka kwangu, na yeye atabaki na moto wa jioni, wa chai na wa mbegu, kwa kuni kavu peke yake. Na kila mwezi zahanati. Kukhu alikubali la zahanati kwa shingo upande, akisema wale wasichana wa huko wanapimanga watu kama wanapima mahindi.

"Na chimni?" mume wangu akauliza. "Rangi ama chokaa?"

Wifi alimwangalia mama yake. "Chokaa," akasema. "Lakini mniuzie hata mimi hiyo siri, mlipaka na nini?"

Kesho yake tulienda sokoni naye kununua chokaa ya kujengea. Yule mwenye duka alipoiweka kwenye mizani akauliza, kwa sababu watu wengi huchanganya, "Hii hamuweki shambani, sindiyo?"

"Hapana," wifi akamwambia. "Ile ya shamba ndiyo tuliweka kwa nyumba."

Tulikwangua matofali kwa brashi ya waya na maji ya sabuni mpaka mikono ikauma, tukayalowesha, tukapaka. Kukhu alitupaka mafuta ya kupikia mikononi kwanza, maana chokaa hiyo inaunguza. Ikiwa mbichi haionekani. Unapaka na unaona matofali yaleyale, yamelowa tu. Wifi alisimama na brashi, amekata tamaa.

"Nimetoa pesa kwa haya maji?"

"Ngoja ikauke," Kukhu akasema. "Hata wewe ulizaliwa ukikaa hivyo. Watu walikuja wakakuangalia wakanipa pole."

Asubuhi ilikuwa nyeupe. Weupe wake haung'ai, umekaa ndani ya tofali kama maziwa kwenye chai, na ukipitisha kiganja juu yake kinatoka safi. Pale juu ya mdomo masizi yalipenya yakafanya doa la hudhurungi, tukarudia, likapungua likabaki. Rangi ingelifunika, sikatai. Na ile rangi ya wifi tulipaka chumba cha kulala cha Kukhu, ikatoka vizuri sana, chumba kikawa na mwanga ambao hakijawahi kuwa nao. Nisiifiche sifa yake.

Mchana wifi alikuja kwangu mwenyewe kuchukua kikapu. Alimpa mama yake mahindi jozi moja moja, na Kukhu akayatundika, akinyoosha mikono akiwa amesimama juu ya kigoda huku nikimshika kiuno. Alipofika jozi ya mwisho alishuka, akaniwekea mkononi.

"Hii panda kwako," akasema. "Nione kama mkono wako unaikubali."

Kikohozi hakijaisha. Kimepungua, na siwezi kusema ni moshi kuondoka, ama dawa, ama ni baridi kupita. Siku nyingine nikikisikia asubuhi nawaza labda tulikosea, labda angekuwa Nairobi karibu na madaktari wakubwa. Nimemwambia wifi hivyo. Aliniambia na yeye huwaza, na kwamba tukiwaza wawili ni afadhali.

Lakini siku ile tuliyorudisha mbegu, moto wa jioni ulipokuwa umeshika, wifi alimpigia mume wake simu mbele yetu sote. Tulimsikia mume huyo akiuliza kama sasa atandike godoro la sebuleni, kwa sababu alikuwa ameshaliazima kwa jirani.

"Lirudishe," wifi akasema. "Mama anabaki."

Kukhu alisogea kwenye kigoda, akageuza uso upande wa ukuta kwa heshima, ingawa mtu mwenyewe alikuwa mbali vile, na akamwambia binti yake kwa sauti ambayo hata simu isingehitajika:

"Mwambie mkwe nimeshukuru. Mwambie nimesikia alitaka kulala chini kwa ajili yangu. Huyo ni mtoto wangu. Sasa alale kitandani kwake, na mimi nilale kwangu."

"Amesikia, Mama," wifi akasema. "Anacheka."

"Acheke," Kukhu akasema, akasukuma ukuni ndani.